Mgeni Mlangoni pa Kanisa

Siku ya Jumapili asubuhi kengele za Bukavu husikika toka kilima hata kilima. Mji huu umejengwa juu ya vilima vikali, na juu ya ndimi za nchi zinazoingia katika Ziwa Kivu kama vidole vya mkono. Watu hushuka kutoka Kadutu, wengine hupanda kutoka Nguba, na walio mbali huamka kabla ya jua. Kama ni majira ya mvua, yaani toka Septemba hata Mei, udongo hushika miguu, na akina mama wengi hubeba viatu mkononi, wakavivaa karibu na mlango wa kanisa.

Mtoto aliyezaliwa katika parokia hajiulizi kitu. Anaujua mlango wa kuingilia. Anajua wanakwaya hukaa wapi, na ni benchi gani lenye mguu mbovu. Baba yake ana mahali pake, nyanya yake ana mahali pake, naye mwenyewe ana mahali pake karibu na mwalimu, ambapo hawezi kucheza. Kwake kanisa ni kama nyumba ya baba yake. Hajapata kuliingia siku ya kwanza.

Lakini kila Jumapili yuko mtu aingiaye siku ya kwanza.

Basi mfikirie mama mmoja wa kisiwa cha Idjwi. Siku ya Alhamisi amepanda mashua pamoja na mtoto wake mgonjwa, akafika bandarini Bukavu, na mtoto amelazwa hospitalini. Mjini hana ndugu. Usiku hulala juu ya mkeka kando ya kitanda cha mtoto. Jumapili inafika, na kwao Idjwi hakosi Misa. Anamwomba mama wa kitanda cha jirani amwangalie mtoto kwa saa mbili. Ananawa uso, anafunga kitambaa kichwani, anawafuata watu.

Anaingia kanisani. Mbele anaona benchi lenye nafasi, anakaa. Kumbe, ni benchi la wanakwaya! Kijana mmoja anakuja, hasemi neno, anamwonyesha kwa kidole: huko nyuma. Mama anasimama, na macho ya watu yanamfuata. Nyuma, benchi moja limejaa. La pili lina nafasi mwishoni, lakini mtu aliyekaa hapo ameweka kofia yake juu ya nafasi ile kumshikia rafiki. Mama anakwenda karibu na nguzo, anasimama hapo Misa nzima. Wakati wa sadaka watu wanapanga mstari kwenda kwenye kikapu. Yeye faranga zake zote zimekwenda katika dawa, basi anatazama chini. Misa inakwisha. Uani watu wanasalimiana kwa furaha. Huyu anauliza habari ya shamba, yule habari ya mtihani. Mama anapita katikati yao, anarudi hospitalini. Jumapili ya pili yake anasali rozari kando ya kitanda.

Hakuna aliyemfukuza. Ukiwauliza watu wa parokia hiyo, watakuambia kwa moyo safi kwamba wanawapenda wageni, nao hawasemi uwongo. Ila kila mmoja alidhani kwamba kumkaribisha mgeni ni kazi ya mwingine: ya padri, ya katekista, ya wale wazee wenye kitambaa begani. Na padri hakuweza kumwona mama yule nyuma ya nguzo.

Jambo hili si jipya. Mtume Yakobo, katika barua yake, aliwakemea Wakristu wa siku zile kwa ajili ya viti. Aliwaambia habari ya watu wawili waingiao katika mkutano wao, mmoja ana pete ya dhahabu na nguo nzuri, mwingine ni maskini mwenye nguo chafu. Wa kwanza wanamwonyesha kiti kizuri. Wa pili wanamwambia asimame kule, au akae chini miguuni pao. Yakobo aliwaita watu hao waamuzi wenye mawazo mabaya. Yeye aliona kwamba kiti si jambo dogo. Mtu akiisha kuonyeshwa mahali pa kukaa, ameisha kuonyeshwa pia anavyothaminiwa.

Na kuna kitabu kingine cha zamani sana, kilichoandikwa katika nchi ya Siria katika karne ya tatu. Huitwa Mafundisho ya Mitume. Wakati ule Wakristu walikuwa wachache, na mara kwa mara waliteswa. Mtu angedhani kwamba kitabu cha watu wanaoteswa kitasema juu ya mateso tu. Lakini mwandishi wake alijishughulisha pia na mabenchi! Anaeleza mapadri wakae wapi, wanaume wapi, wanawake wapi, wazee wapi. Vijana wakae kama nafasi ipo. Kama haipo, wasimame. Watoto wasimame upande mmoja, au wawe pamoja na baba na mama yao. Shemasi mmoja asimame mlangoni na kuwatazama waingiao. Akimwona kijana amekaa katika nafasi ya mzee, amwondoe, ampeleke nyuma. Tena mgeni akifika kutoka jumuiya nyingine, shemasi amwulize yeye ni nani, kisha ampeleke mahali panapomfaa. Asimwache azunguke peke yake akitafuta.

Halafu kitabu hicho kinaleta shauri gumu. Itakuwaje kama watu wamekwisha kukaa, na askofu amekwisha kuanza kuhubiri, mlango ukafunguka? Akiingia mtu mkubwa wa dunia, mwenye cheo na mali, askofu asikatishe neno lake kwa ajili yake. Aendelee kufundisha, na ndugu wengine wampokee mtu huyo. Lakini akiingia maskini, hasa maskini mzee, na nafasi hakuna, basi askofu mwenyewe ampatie mahali kwa moyo wake wote, hata kama yeye askofu itampasa kuketi chini sakafuni.

Askofu aketi sakafuni! Tena ni katika kanisa lake mwenyewe, mbele ya watu wake, amwachie kiti mzee asiyejulikana jina. Watoto walio na mabenchi ya shule wanaweza kupima uzito wa shauri hilo. Si rahisi kumwachia mwenzako hata nusu ya benchi wakati wa somo la hesabu.

Baadaye ilikuwako katika Eklezya daraja ndogo ya mngoja mlango. Aliyepewa daraja hiyo alishika funguo za kanisa na kupiga kengele. Iliondolewa mwaka 1972. Mtakatifu Benedikto naye, katika karne ya sita kule Italia, aliwaagiza wamonaki wake waweke mlangoni mzee mwenye hekima, asiye na tabia ya kutangatanga, ili yeyote abishaye hodi aitikiwe mara moja. Mngoja mlango mzembe ni hasara kwa nyumba nzima.

Sasa turudi Bukavu, kwa maana mji huu wa Kivu ya Kusini ungepaswa kulijua jambo hili kuliko miji mingi.

Kwanza, ni mji wa watu waliotoka mahali pengine. Mapadri Weupe walipoingia nchi ya Bushi mwaka 1906, wao ndio waliokuwa wageni, wasiojua Mashi wala njia. Mji ulipokua chini ya Wabelgiji uliitwa Costermansville, tangu mwaka 1927 hata 1954 uliporudishiwa jina la Bukavu. Watu walikuja kutafuta kazi: Bashi kutoka Walungu na Kabare, Bahavu kutoka Kalehe na Idjwi, Barega kutoka Mwenga na Shabunda, Babembe kutoka Fizi, na wengine wengi. Kwa hiyo Mkristu wa Bukavu anayeketi leo katika benchi lake kwa raha, ukimwuliza habari za babu yake, mara nyingi utasikia habari ya mtu aliyefika na furushi kichwani, asijue alale wapi.

Pili, mji huu ulijaribiwa. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari ya Rwanda na baada yake, watu maelfu na maelfu walivuka mto Ruzizi wakaingia Bukavu. Walilala barabarani, katika viwanja vya shule na vya makanisa, mpaka kambi zilipofunguliwa nje ya mji. Askofu Mkuu wa Bukavu wakati ule alikuwa Christophe Munzihirwa, Mjezuiti, mzaliwa wa nchi ya Bushi. Alipaza sauti kwa ajili ya wakimbizi, na kwa ajili ya watu wa mji waliobeba mzigo huo, akaandika barua nyingi kwa wakubwa wa dunia akiwaomba wasiwaache watu wafe. Mwaka 1996 vita viliingia katika mji wenyewe. Wakubwa wengi walikimbia; yeye alibaki. Aliuawa katika barabara ya Bukavu tarehe 29 Oktoba 1996.

Baada ya miaka ile vita vilirudi tena na tena, na watu wa vijiji wamekimbilia mjini mara nyingi. Ndiyo sababu kuna neno moja ambalo mahali pengine ni salamu tu, lakini Bukavu linaweza kumtetemesha mgeni: «Wewe ni wa wapi?» Anayeuliza labda ana nia njema. Lakini anayeulizwa amesikia neno hilo njiani, kwenye kizuizi, kutoka kinywani mwa mtu mwenye bunduki, na kwa ajili ya jibu lake yeye au ndugu yake alipata mabaya. Akiulizwa hivyo mlangoni pa kanisa, atajibu kwa kifupi, na hutamwona tena. Shemasi wa Siria aliweza kumwuliza mgeni habari zake. Ilikuwa njia ya kumfahamu kama ndugu wa jumuiya nyingine. Bukavu yafaa kungoja. Kwanza mahali pa kukaa, maswali baadaye, na kabila kamwe. Mgeni mwenyewe atasema kwao siku atakayopenda.

Basi aambiwe nini? Maneno machache yanatosha. «Jambo, mama. Karibu. Kuna nafasi hapa.» Kisha mtu asogee. Huko kusogea ndiko karibu yenyewe. Kama mdomo unasema karibu na mwili haujatikisika, mgeni ataamini mwili. Tena mtu asogee kwa kuingia ndani ya benchi, asibaki mwishoni akimwambia mgeni apite juu ya magoti ya watu wanne. Wengi hupenda kukaa mwishoni ili watoke upesi. Mgeni ndiye anayehitaji mahali hapo zaidi, hasa mwenye mtoto mchanga.

Mgeni akiisha kukaa, bado ana mashaka. Hajui nyimbo. Labda hajui lugha vema: parokia nyingine wana Misa ya Kifaransa na Misa ya Kiswahili, na vijijini watu wamezoea Mashi. Ni vizuri ubao wa mlangoni uonyeshe saa na lugha ya kila Misa kwa herufi kubwa, na ubao huo usiwe wa mwaka jana. Mtoto aliye na kitabu cha nyimbo akifungue katikati ya wawili na kuonyesha kwa kidole mstari unaoimbwa. Kidole kile kile kilichomfukuza mama katika benchi la kwaya kinaweza kufanya kazi hii pia.

Hata Mkatoliki wa siku zote anaweza kupotea. Maaskofu wa nchi, wakati ilipoitwa Zaire, waliomba utaratibu wa Misa unaofuata desturi za watu wao, na Roma ikaukubali tarehe 30 Aprili 1988. Katika utaratibu huo, mtangazaji huwasalimu watu mwanzoni na kuwaingiza katika sala. Babu zetu wema huitwa pamoja na Watakatifu. Na kuomba msamaha hakuwi mwanzoni, huja baada ya mahubiri na Nasadiki. Hapo hapo watu hupeana amani. Mtu aliyetoka Kigali au Bujumbura, aliyezoea kupeana amani karibu na Komunyo, atashtuka akiona mikono inamjia mapema. Jirani mwema hatacheka. Atampa mkono wake, na kumnong'oneza kwamba hapa ndivyo ilivyo. Na mtangazaji mwenye akili huwakumbuka wageni: haoni vibaya kusema mapema kitakachofanyika, hata kama watoto wa parokia wamekwisha kukijua kwa moyo.

Juu ya Komunyo lazima kuwa na upole. Bukavu wako Waprotestanti wengi, na Waislamu, na wengine huja kanisani kwa ajili ya ndoa au mazishi ya rafiki. Asiye Mkatoliki haendi kupokea Komunyo, wala yule ambaye dhamiri yake haijawa tayari. Basi jirani asimsukume, tena asimkodolee macho. Apite mbele yake taratibu, mgeni abaki akiomba. Vivyo hivyo na kikapu cha sadaka. Mstari wa watu unapopita, aliyebaki kitini huonekana na kanisa zima, na kwa maskini njia ya kutoka benchini hata kikapuni ni ndefu kuliko kutoka Bukavu hata Kamanyola. Atakayekaa karibu na mgeni anaweza kubaki kitini pamoja naye mpaka mstari upungue. Hapo mgeni hatakuwa peke yake.

Parokia nyingine zina desturi ya kuwasimamisha wageni wote mbele ya matangazo, watu wakawapigia makofi. Wako wanaofurahi. Kijana aliyekuja kusoma mjini atacheka na kupunga mkono. Lakini mjane aliyekimbia usiku na nguo moja angependa sakafu ifunguke immeze. Ni afadhali kuwapigia makofi wale wanaotaka kusimama, na kuwaendea wengine kimya kimya baada ya Misa. Tena kuna jambo ambalo vitabu vya dini havilitaji, nalo ni kubwa kwa mama aliyetembea saa nzima na mtoto mgongoni: kumwonyesha choo kiko wapi, na maji. Watoto hufanya kazi hii vizuri kuliko wazee, maana mgeni haoni haya kumwuliza mtoto.

Halafu kuna shirika. Mwaka 1961 Maaskofu wa Kongo waliamua kwamba maisha ya Kikristu yasitegemee misioni kubwa tu, bali yawe katika jumuiya ndogo zilizo hai. Ndizo watu wa Bukavu wanazoziita mashirika. Nyumba chache za mtaa hukusanyika, husoma Neno la Mungu, na hujua nani ni mgonjwa na nani amekosa chakula. Kanisani mgeni hupata benchi. Katika shirika hupata watu wanaojua jina lake. Kwa hiyo baada ya Misa swali la kufaa ni hili: «Unakaa wapi hapa mjini?» Jibu lake likisikika, kiongozi wa shirika la mtaa ule aambiwe siku hiyo hiyo, si baada ya mwezi.

Sasa Jumapili ile ya mama wa Idjwi ianze tena. Anaingia, anakaa katika benchi la kwaya. Kijana anakuja, anainama, anasema: «Jambo, mama. Hapa ni pa waimbaji, njoo nikupeleke pazuri.» Anatembea mbele yake hata benchi la pili. Mtu anachukua kofia yake, anaiweka juu ya magoti, anasogea ndani. Msichana wa darasa la nne anafungua kitabu cha nyimbo. Baada ya Misa mama mmoja anamwuliza anakaa wapi, naye anasema: hospitalini, na mtoto.

Jioni ile watu wawili wa shirika lililo karibu na hospitali wanafika na bugali na sambaza katika sahani iliyofunikwa. Hawakai sana. Wanarudi Jumanne. Daktari bado hajasema mtoto atatoka lini. Homa hupanda usiku na kushuka asubuhi.

Wazee husema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengine huona kwamba methali hiyo ina ukali, lakini mgeni asiyepewa kazi hubaki mgeni siku zote. Jumamosi ya tatu, wanawake wa shirika walipokuwa wakienda kufagia kanisa, walipita hospitalini. Mtoto alikuwa amelala. Wakampa mama ufagio, akaenda nao, naye akapewa kufagia upande wa nguzo.